Muuguzi wa kituo cha afya Eastlands na uongozi wa kupunguza uraibu

Swali la msomaji: "Mimi ni muuguzi msimamizi wa kituo cha afya huku Eastlands, Nairobi. Kila wiki tunapokea vijana waliozidiwa na unga (heroini), wanaume wanaotetemeka kwa kukosa pombe, na akina mama wajawazito wanaotumia vitu wasivyotaka kuvitaja. Nimesoma kwamba wauguzi wa nchi nyingine wanaongoza kimataifa katika kupunguza matumizi ya dawa za kulevya. Uongozi huo una maana gani kwangu, nisiye na bajeti wala daktari wa magonjwa ya akili, na ambaye wenzangu wanaamini kuwa wagonjwa hawa ni kazi ya polisi na hospitali ya akili ya Mathari?"

Dada muuguzi,

Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, kwa kuwa niliitwa "sista" katika wodi za jiji hili kwa miaka mingi kabla sijaanza kufundisha uuguzi wa afya ya akili, na maneno hayo ya "kazi ya polisi na Mathari" niliyasikia tangu wiki yangu ya kwanza kazini. Jibu langu ni kwamba uongozi unaosoma habari zake haukuzaliwa Geneva wala katika kumbi za mikutano. Mifano yake mikubwa ninayoifahamu ilianza pale wauguzi wa mahali fulani walipoishika kazi moja mahususi ambayo wengine hawakuitaka, wakaifanya vizuri, wakaiweka katika maandishi, kisha vyama vyao vikadai kazi hiyo itambuliwe na sheria. Wewe unaweza kuanzia hapo hapo, na sehemu kubwa ya vifaa unavyovihitaji tayari unavyo.

Fikiria kwanza ukubwa wa jambo lenyewe. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulionyesha kuwa Mkenya mmoja kati ya kila sita wenye umri wa miaka 15 hadi 65 anatumia angalau kileo au dawa moja, na kwamba mmoja kati ya wanane anatumia pombe. Hospitali ya Mathari, iliyoanza kama mahali pa kuwatenga wagonjwa wa ndui, haiwezi kuwabeba watu wa idadi hiyo, na wala haikukusudiwa kuwabeba wote. Watu hao wako kwenye benchi lako, wamekuja kwa kidonda, kwa kifua, kwa kadi ya kliniki ya mtoto. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 inahesabu wauguzi milioni 29.8 duniani, na ni vigumu kuona ni nani mwingine katika sekta ya afya aliye karibu na mgonjwa kwa saa nyingi kiasi hicho.

Kazi ya kwanza ni kuuliza. Nilipokuwa kijana kazini, katika hospitali ambayo sitaitaja, alilazwa fundi mmoja aliyevunjika mguu, mtu mpole na mwenye adabu. Siku ya tatu alianza kutetemeka, akatoa jasho, akawa anaokota wadudu ambao sisi hatukuwaona kwenye shuka. Tulimfunga kamba kitandani. Mmoja alisema ni malaria imepanda kichwani, mwingine akasema ni mambo ya kwao, na hakuna aliyesema pombe, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwuliza siku alipoingia. Leo ninajua, kama unavyojua wewe, kwamba mkanganyiko mkali wa kuacha pombe kwa ghafla hujitokeza kati ya saa 48 na 96 baada ya kinywaji cha mwisho, kwamba unaweza kuua, na kwamba diazepamu iliyotolewa mapema pamoja na thiamini, thiamini ikitangulia maji ya glukosi, ingemwepusha na kamba zile. Kilichokosekana kilikuwa swali moja la dakika mbili.

Swali hilo limeshatengenezwa, na jambo ambalo wauguzi wengi wa hapa hawaambiwi ni kwamba Kenya ilishiriki kulitengeneza. Dodoso la AUDIT, ambalo Shirika la Afya Duniani lililitoa mwaka 1989 ili kutambua unywaji wenye madhara, lilitokana na kazi iliyofanywa katika nchi sita: Norway, Australia, Bulgaria, Mexico, Marekani na Kenya. Lina maswali 10 na alama 40 kwa jumla, na mtu anayepata alama 8 au zaidi anastahili mazungumzo, si mahubiri. Kwa hiyo mwenzako akikuambia kuwa haya ni mambo ya kigeni, mweleze kuwa wagonjwa wa nchi hii walikuwa miongoni mwa waliojibu maswali yale kabla hayajasambaa kwingine.

Hata hivyo dodoso haliwezi kufanya kazi kama muulizaji hafahamu vipimo vya mtaani. AUDIT kwa kawaida huhesabu kipimo kimoja kuwa gramu 10 za alkoholi halisi. Chupa moja ya bia ya nusu lita ina kati ya kipimo kimoja na nusu na vipimo viwili, kwa hiyo mtu anayekwambia "nakunywa mbili tu" amekunywa karibu vitatu au vinne. Kwa chang'aa hakuna lebo, nguvu yake hubadilika kutoka mpishi mmoja hadi mwingine, na njia ya pekee ni kuuliza ukubwa wa glasi na idadi ya glasi, kisha kuandika hivyo hivyo bila kujifanya una hesabu kamili.

Kwa vitu vingine liko dodoso la ASSIST, la shirika hilo hilo, na ubora wake mkubwa kwangu ni kwamba linataja kila kitu kwa jina lake na kuuliza kuhusu miezi mitatu iliyopita. Ukimwuliza mtu wa Nairobi, "Unatumia dawa za kulevya?", atakataa, na mara nyingi atakuwa mkweli kwa namna yake, kwa kuwa muguka kwake si dawa ya kulevya, wala bugizi anayomeza ili alale. Uliza badala yake: katika miezi mitatu iliyopita umetumia sigara, pombe, miraa au muguka, bangi, tembe za usingizi, gundi, unga? Uliza kwa sauti ile ile unayotumia kuuliza kama ana mzio wa penisilini, na umwulize kila mtu, ili yeyote asidhani kwamba umemchagua kwa sababu ya nguo zake.

Hapo hapo angalia neno linaloandikwa kwenye faili. Nimeona faili zilizoandikwa "teja", jina la dharau la mraibu, kwa kalamu nyekundu juu ya jalada, na nimeona zamu ya usiku ikiipokea faili kama hiyo na kumnyima mgonjwa dawa ya maumivu ya jipu lililopasuliwa, kwa hoja kwamba "hawa wanataka tu sindano". Siamini kwamba kubadilisha maneno peke yake kunamponya mtu, lakini katika wodi neno lililoandikwa na zamu ya asubuhi ndilo linaloamua mkono wa zamu ya usiku utakuwa mzito au mwepesi. Msimamizi ana mamlaka kamili juu ya jambo hili, bila kuomba shilingi kwa mtu yeyote.

Kazi ya pili ni dawa, na hapa ndipo Afrika Mashariki ina la kujivunia. Methadoni na buprenofini, dawa za kutibu uraibu wa heroini, ziliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2005. Muhimbili, Dar es Salaam, walianza kutoa methadoni Februari 2011, na hapa kwetu Mathari walifuata mwishoni mwa mwaka 2014, kisha pwani, na baadaye Ngara hapa hapa jijini. Methadoni kwa kawaida hutolewa kila siku, mgonjwa akiimeza mbele ya mhudumu, na kwa hiyo mtu huyo, ambaye kwa miaka alikuwa anakwepa kila ofisi, sasa anaonana na muuguzi au mfamasia takriban siku 30 kwa mwezi. Katika uuguzi wote sijui nafasi nyingine ya namna hiyo. Ni nafasi ya kuona kidonda mguuni, kikohozi kilichozidi wiki mbili, au mimba iliyoanza kuonekana, na ni nafasi ya kupima virusi vya ukimwi katika kundi ambalo tafiti za hapa nchini za takriban mwaka 2012 zilionyesha maambukizi ya karibu asilimia 18 miongoni mwa wanaojidunga.

Wewe hutoi methadoni katika kituo chako, lakini unawahudumia watu wanaoitumia, na kuna jambo moja ambalo nakuomba ulifundishe kila muuguzi wako. Rifampisini, dawa ile ile tunayoitoa kwa kifua kikuu, huharakisha ini kuivunja methadoni. Baada ya siku kadhaa mgonjwa wa methadoni aliyeanzishiwa matibabu ya kifua kikuu huanza kusikia arosto: mifupa inauma, tumbo linakatika, machozi na makamasi yanatoka, usingizi hauji. Akilalamika anaambiwa anatafuta dozi kubwa ili alewe. Mwishowe huacha dawa moja kati ya mbili, na mara nyingi huacha ile ya kifua kikuu. Efavirenzi na nevirapini, miongoni mwa dawa za virusi vya ukimwi, zina tabia hiyo hiyo. Muuguzi anayejua haya hupiga simu kliniki ya methadoni siku ile ile matibabu ya kifua kikuu yanapoanza, dozi ikapangwa upya na daktari, na kwa simu hiyo moja magonjwa mawili yanatibiwa katika mwili mmoja.

Kwa wajawazito jambo ni la dharura zaidi. Mama anayetumia heroini asiamrishwe aache ghafla, kwa kuwa arosto kali ni hatari kwa mimba. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2014 unaelekeza aanzishiwe methadoni au buprenofini na kuendelea na kliniki ya wajawazito. Mtoto anaweza kuzaliwa akiwa na dalili za kuacha dawa, nazo hutibika, na wodi ya uzazi ikijulishwa mapema haitashtuka wala kumlaumu mama mbele ya wenzake.

Naloksoni, dawa ya kumwokoa aliyezidiwa na unga, ni fupi kuieleza. Pumzi zikiwa chache, mboni za macho zikiwa zimesinyaa kama ncha ya sindano na mtu haamki, msaidie kupumua na umpe naloksoni. Usimruhusu aende nyumbani mara tu anapoamka, kwa kuwa nguvu ya naloksoni huisha kati ya dakika 30 na 90 na unga unaweza kumrudisha chini. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa hii ifike pia mikononi mwa watu wanaoweza kushuhudia tukio, yaani wenzake wa maskani na jamaa zake. Angalia hasa vijana wanaotoka rumande ya Industrial Area na magereza mengine: mwili wao umesahau dozi ya zamani, na wiki mbili za kwanza nje ndizo zenye vifo vingi.

Sasa nije kwenye mifano ya nje, kwa kuwa ndiyo uliyoiuliza. Mwaka 2003 huko Vancouver, Kanada, kilifunguliwa kituo kiitwacho Insite ambamo watu waliokuwa wakijidunga vichochoroni walijidunga chini ya uangalizi wa wauguzi, wenye vifaa safi na dawa ya kuokoa pumzi. Serikali kuu ilipotaka kukifunga, kesi ilifika hadi Mahakama ya Juu ya Kanada, na chama cha kitaifa cha wauguzi pamoja na vyama vya majimbo vilijiunga na kesi kueleza kwamba kazi ile ni uuguzi. Mwaka 2011 mahakama iliamua kwa kauli moja kwamba kituo kiendelee. Sikwambii tuige kituo chenyewe. Sheria yetu ya mihadarati ya mwaka 1994 ni tofauti, na mitaa yetu ni tofauti. Ninalotaka ulione ni mpangilio wa matukio: kituo kilikuwa na miaka ya kazi iliyofanyiwa utafiti na kuwekwa katika kumbukumbu, na chama kiliposimama mahakamani kilisimama juu ya kumbukumbu hizo.

Marekani njia ilikuwa ndefu na yenye dhuluma kidogo ndani yake. Sheria ya mwaka 2016 iliwaruhusu wauguzi wenye mafunzo ya juu kuandika buprenofini, lakini ikawataka wasome saa 24 wakati madaktari walitakiwa saa 8. Walisoma hizo saa 24. Kibali maalumu kilifutwa kwa wote mwishoni mwa mwaka 2022. Uingereza nayo ilibadilisha kanuni zake mwaka 2012 na kuwapa wauguzi wenye idhini ya kuandika dawa uwezo mpana juu ya dawa zinazodhibitiwa. Katika nchi hizi zote swali halikuwa kama muuguzi ana huruma. Lilikuwa ni nani mwenye ruhusa ya kufanya nini, na mgonjwa anasafiri umbali gani kumfikia mwenye ruhusa hiyo. Hilo ndilo swali ambalo chama chetu cha kitaifa na Baraza la Wauguzi la Kenya wanapaswa kulisikia kutoka vituo kama chako, likiwa na takwimu zako: wagonjwa wangapi mliwapa rufaa kwenda Mathari au Ngara, wangapi walifika, wangapi walipotelea njiani kwa kukosa nauli ya matatu.

Kuhusu polisi, wenzako wana hofu halali na dhana potofu kwa pamoja. Kumiliki na kutumia dawa hizi ni kosa kisheria, lakini kumtibu mtu si kosa, na siri ya mgonjwa ni wajibu wako. Nimeona kliniki ikikaa tupu mwezi mzima kwa sababu maafisa walisimama langoni asubuhi moja. Nenda kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi cha eneo lako, ukiwa na matroni wa kaunti ndogo, mweleze kituo kinafanya nini, na umwombe lango liachwe huru. Nenda pia maskani kupitia waelimishaji rika, wale waliowahi kutumia na sasa wanaongoza wengine, kwa kuwa wao huaminiwa pale ambapo koti jeupe haliaminiwi.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza, na siwezi kulinyamazia. Wauguzi nao hupata uraibu. Tunashika funguo za kabati la dawa, tunafanya zamu za usiku mfululizo, tunauguza huku migongo inauma. Nilikuwa na mwenzangu, mmoja wa wauguzi bora niliowahi kufanya kazi nao, aliyeanza kujidunga pethidini, dawa kali ya maumivu, iliyobaki kwenye chupa za wagonjwa. Ilipogunduliwa alifukuzwa siku hiyo hiyo mbele ya wanafunzi, na hakuna aliyempeleka popote kutibiwa. Sisi wenzake tuliona rejista haziwiani kwa miezi mingi na tukanyamaza, tukidhani tunamsitiri. Ninaumia hadi leo. Jimbo la Florida lilianzisha katika miaka ya 1980 mpango wa kumtoa muuguzi wa namna hii kazini kwa muda, kumtibu, kumfuatilia, kisha kumrejesha bila kuanza na kumnyang'anya leseni, na majimbo mengine yakafuata. Mpango kama huo humlinda mgonjwa vizuri zaidi, kwa sababu wenzake huthubutu kusema mapema. Katika kituo chako anza na kuhesabu dawa zinazodhibitiwa kwa watu wawili kila mnapokabidhiana zamu, na uwaambie wauguzi wako waziwazi kwamba atakayekuja kwako mwenyewe atasindikizwa kwenye matibabu.

Vyama vya kimataifa ni vizuri kuvifahamu, ingawa visikutishe. Baraza la Kimataifa la Wauguzi, lililoanzishwa mwaka 1899 na lenye makao yake Geneva, lina kanuni za maadili tangu mwaka 1953. Chama cha wauguzi wa uraibu, IntNSA, kilianzia Marekani katika miaka ya 1970 na kina jarida na mitihani yake ya umahiri. ISSUP inawaunganisha wahudumu wa taaluma zote za uraibu, ina tawi hapa Kenya, na mtaala wa kimataifa wa matibabu unaofundishwa kupitia mtandao wake unaweza kuwafaa wauguzi wako wawili au watatu. Nisingekushauri uanze na uanachama. Anza na rejista, kwa kuwa mwanachama asiye na rejista huenda mkutanoni kusikiliza tu.

Kwa miezi mitatu ijayo ningekushauri hivi. Chagua chumba kimoja, chumba cha kufunga vidonda kwa mfano, kwa kuwa majipu na majeraha ya ulevi hupitia humo, na uamue kwamba kila mtu mzima anayeingia humo ataulizwa yale maswali matatu ya mwanzo ya AUDIT pamoja na orodha ya ASSIST. Mchague muuguzi mmoja awe mwenye jukumu hilo, na umpunguzie kazi nyingine hata kama ni kwa saa moja tu kwa siku. Piga mstari mpya katika rejista kwa ajili ya majibu, rufaa, na matokeo ya rufaa. Bandika ukutani, mahali mgonjwa anapoweza kusoma akiwa peke yake, nambari 1192 ya NACADA, ambayo haitozwi. Waombe wahamasishaji wa afya ya jamii wawafuatilie wale waliokubali kwenda kliniki lakini hawakufika. Na asubuhi moja, kabla ya haya yote, mchukue huyo muuguzi uliyemchagua, mwende Mathari au Ngara kwa idhini ya wasimamizi wao, msimame kando ya dirisha la methadoni kuanzia linapofunguliwa. Mtawaona vijana wa mtaa wenu wakija, wameoga, wengine wamevaa sare za kazi. Waulizeni ni muuguzi gani aliyewaambia kwanza kwamba mahali hapo papo, na alisema nini, kisha rudini na maneno hayo kituoni.